Umutobe wa Nyiransabimana

Kila Jumamosi isiyokuwa na umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa mzima, shughuli za Kaze zilikuwa zilezile. Aliamka kabla ya mama yake, akafagia kibaraza, akateka maji bombani, akayachemsha na kuyafunika yapoe. Kisha alifungua karakana ndogo ya ushonaji iliyokuwa mbele ya nyumba yao, pale Kimisagara, akapangusa vumbi kwenye cherehani na kuokota vipande vya vitambaa vilivyobaki chini tangu jana.

Kaze alikuwa na miaka kumi na miwili, na alikuwa mtoto wa kushuku. Ukimwambia jua limechomoza, atatoka nje ahakikishe. Maziwa aliyanusa kabla ya kuyanywa, hata kama yamekamuliwa asubuhi hiyo hiyo. Shafiq, mtoto wa muuza vitambaa wa nyumba ya pili, alimtania kwamba akikua atakuwa afisa wa forodha, maana hapiti mtu mbele yake bila kukaguliwa. Kaze hakukasirika. Aliamini kuwa kushuku ndiyo akili yenyewe, na wasioshuku ni wazembe tu.

Jumamosi hii, hata hivyo, kazi za nyumbani alizimaliza mbio mbio. Klabu ya Kiswahili ya shule yao ilikuwa inapanda Mlima Kigali. Mwalimu Mutabazi, aliyekulia Tanzania, alikuwa amewaahidi safari hiyo tangu mwanzo wa muhula. Alikuwa ameweka sharti moja: kutwa nzima wazungumze Kiswahili, na atakayeponyokwa na Kinyarwanda atabeba gunia la takataka wakati wa kushuka.

Mama Kaze alifunga chapati na viazi vitamu kwenye kitambaa safi.

"Chakula chako hiki. Maji ni yale uliyochemsha," alisema. Halafu akachungulia nje. "Na yule msichana mgeni, anayekaa dawati moja na wewe, naye anakwenda?"

"Nyiransabimana? Anakwenda, Mama. Iko kwenye klabu."

Mama akasogea karibu na kushusha sauti, ingawa karakanani walikuwa wawili tu. "Basi sikia vizuri. Usile kitu chake, usinywe kitu chake. Watu wanasema bibi yake anatilia watu sumu. Kule Kabuga kuna mtu alikunywa kwao akafa, ndiyo maana wakahama. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama," Kaze alijibu. Siku zote alihisi kuna jambo kuhusu msichana yule. Alikuwa mkimya mno. Kuna siku Kaze alimwona bibi wa msichana huyo akianika majani juu ya bati. Nani anayeanika majani bila sababu?

Walikutana mbele ya kituo cha vijana. Nyiransabimana alifika wa mwisho, amevaa viatu vya mpira vilivyofuliwa vikang'aa, mkoba mgongoni, na kidumu cha manjano kichwani. Alikishusha taratibu kama anayeshusha mayai.

"Ameleta nini yule?" Valens, mvulana mrefu wa darasa lao, alimnong'oneza Kaze.

"Mimi sijui. Lakini usikiguse," Kaze alinong'ona, na hapo hapo akamweleza yote aliyoambiwa na mama yake. Valens aliyatoa macho. Kabla hawajamaliza ngazi za kwanza, Valens alikuwa amemwambia Uwase, na Uwase amewaambia waliobaki. Ni Shafiq peke yake aliyekosa kuambiwa, kwa sababu hakuna aliyeweza kumfikia. Alikuwa amekwisha kutangulia mbele na mpira wake kwapani.

Njia ilipanda katikati ya nyumba zilizobebana mlimani, ikapita vibanda vya mafundi vyuma, kisha ikawa ya udongo mwekundu mtupu. Kiangazi kilikuwa kimeshika. Vumbi lilipanda mpaka magotini, na jua lilianza kuwachoma shingoni mapema kuliko walivyotarajia. Na kwa kuwa wote walikuwa watoto waliolelewa, hakuna aliyefungua mfuko wake wa chakula. Huku kwetu mtu hali akitembea. Ukionekana unatafuna njiani, habari zitafika nyumbani kabla yako. Kwa hiyo mifuko ilijaa chapati na mahindi, na matumbo yakawa matupu, na kila mtu alisubiri wafike juu wakae chini kama watu.

Shafiq hakutembea. Alikimbia mpaka kwenye kona, akarudi kuwacheka wenzake, akakimbia tena.

"Ewe Shafiq, hifadhi nguvu!" Mwalimu Mutabazi alimwita.

"Mwalimu, nguvu iko nyingi!" Shafiq alijibu, wote wakacheka.

Kaze hakucheka. Macho yake yalikuwa nyuma, kwa Nyiransabimana. Msichana yule hakufuatana na wenzake. Mara kwa mara alibaki nyuma, akainama kando ya njia na kung'oa nyasi. Hakung'oa nyasi zozote tu. Alizichagua, akazipangusa, akazitia mkobani. Kaze aliona hayo kwa macho yake mawili.

Mbele kidogo aliona jambo jingine. Nyiransabimana alijitenga nyuma ya mti wa mkaratusi, akakishusha kidumu, akatazama huku na huku, akalegeza kifuniko. Kidumu kikatoa mlio, *fsss*. Akaweka pua yake mdomoni mwa kidumu, akanusa, akakifunga tena.

"Umeona?" Kaze alimbana Valens mkono. "Anakitilia zile nyasi alizong'oa. Kimelia kama nyoka."

"Nimesikia," alisema Valens, ambaye hakuwa amesikia chochote.

Walipofika kwenye kivuli cha mikaratusi, walikaa kupumzika. Mwalimu alikuwa ameachwa chini kidogo, akimfungia mtoto mmoja kiatu kilichokatika mkanda. Nyiransabimana alikiweka kidumu katikati yao na kutoa kikombe cha bati.

"Nimeleta umutobe," alisema kwa sauti ndogo. "Juisi ya ndizi. Bibi ameukamua jana kwa ajili yenu. Karibuni."

Alimimina. Kisha, kama inavyotakiwa, akaonja yeye kwanza. Hiyo ndiyo desturi: anayekukaribisha kinywaji hukionja mbele yako ili moyo wako utulie, kisha ndipo akupe. Alipiga funda moja, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kiganja, akakinyoosha mbele.

Hakuna mkono uliokwenda.

"Mimi nimeshiba," alisema Valens, aliyekuwa amelalamika njaa njia nzima. Uwase alitazama viatu vyake. Wengine walianza kufungua na kufunga mikoba yao bila kutoa kitu.

"Kaze?" Nyiransabimana alimgeukia mwenzake wa dawati.

"Asante. Nina maji."

Kikombe kilibaki hewani. Ndipo Shafiq aliporudi kutoka huko mbele, jasho likimtiririka, akakinyakua. "Lete hapa! Kiu inaniua." Akakigugumia chote, akajipangusa mdomo. "Mtamu, wallahi! Nyie mna wazimu?"

Nyiransabimana alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Lakini alipowatazama wengine na kuona nyuso zao, tabasamu likazimika. Akakifunga kidumu chake na kwenda kukaa peke yake.

Kaze alimvuta Shafiq pembeni. "Umefanya nini wewe? Hujui habari za bibi yake?" Akamwambia yote.

"Lakini ameonja mbele yetu!"

"Anayetilia watu sumu atakosa dawa ya kujikinga? Kuonja kwake ni hila."

Shafiq alimtazama kisha akaangua kicheko. "Sawa, afisa wa forodha. Nikifa chukua mpira wangu." Akakimbia zake.

Walifika juu jua likiwa kali kabisa. Kulikuwa na misonobari mingi na uwanja wa nyasi uliokauka, na upepo mdogo uliowafurahisha wote. Mwalimu Mutabazi aliwaambia waiweke mizigo chini ya msonobari mmoja, kisha wamfuate ukingoni. Kutoka pale waliona upande mmoja mto Nyabarongo ukijikunjakunja na maji yake ya rangi ya udongo, na upande wa pili Nyabugogo na mabasi yake, na vilima vya jiji kimoja nyuma ya kingine. Watoto walipiga kelele wakitafuta mapaa ya nyumba zao.

Kaze hakwenda. Alijifanya anafunga kamba za kiatu. Hofu ilikuwa haijamtoka tangu kule kwenye mikaratusi. Muda si mrefu wangekaa kula, na kiu ilikuwa kali, na wengine wangeweza kulegea kama Shafiq. Nani angewalinda? Alijiona yeye peke yake ndiye mwenye akili timamu juu ya mlima ule.

Alikibeba kidumu mpaka nyuma ya msonobari, akafungua kifuniko. *Fsss*, kikalia tena. Akakipindua. Umutobe ulitoka na povu jepesi, ukanukia ndizi mbivu, ukazama kwenye majani makavu ya misonobari mpaka ukaisha. Nyuki wawili wakaja mara moja. Kaze alikifunga kidumu, akakirudisha mahali pake, akaenda ukingoni kuungana na wenzake. Alijisikia mtu aliyefanya jambo jema, na akajiambia hatamwambia yeyote.

Waliporudi uwanjani, walioona kwanza kwamba Shafiq hayuko sawa ni wale aliokuwa akicheza nao mpira. Alisimama ghafla katikati ya uwanja, akashika kichwa. Alitembea kama mtu anayetafuta ukuta wa kujishika, akaanguka. Alipoinuliwa alitapika. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu.

"Ni umutobe!" Valens alipiga kelele. "Yeye peke yake ndiye aliyeunywa!"

Watoto walilia, wengine wakarudi nyuma. Kinyarwanda kikawatoka wote na hakuna aliyekumbuka gunia. Mwalimu Mutabazi alimbeba Shafiq hadi kivulini, akamvua jezi, akamlaza, akamwinua miguu juu ya mkoba. Aliloanisha leso yake kwa maji kidogo yaliyobaki katika chupa yake, akaiweka kwenye paji la uso la kijana.

"Umutobe gani? Nani aliyeuleta?"

"Nyiransabimana! Bibi yake anatilia watu sumu!" alisema Uwase huku akilia.

"Leteni hicho kidumu."

Valens alikileta. Alikuwa anakibeba kwa vidole viwili, mkono mbali na mwili. Alipofika alikitikisa, na uso wake ukabadilika.

"Kitupu! Mwalimu, kitupu! Kilikuwa kimejaa. Ameumwaga kuficha!"

Watoto wote waligeuka kumtazama Nyiransabimana. Alikuwa amesimama mikono ikining'inia.

"Sikuumwaga," alisema.

"Nani mwingine aumwage? Umemwona Shafiq anaanguka, ukaogopa!" Valens alinyakua mkoba wake na kuufungua, akachomoa fungu la nyasi. "Na hizi? Dawa za nini hizi? Kaze amekuona ukizikusanya! Leo mtaa mzima utajua. Mtarudi huko huko Kabuga!"

"Weka mkoba wa mwenzako chini!" Mwalimu alinguruma, na Valens akauweka.

Nyiransabimana alimtazama Kaze. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayemtafuta angalau mmoja wa kumtetea, na huyo mmoja ni yule anayekaa naye dawati moja. Kaze aliinamisha kichwa. Kidumu kitupu kilikuwa kimewekwa pale chini kama ushahidi, na yeye peke yake juu ya mlima huo ndiye aliyejua ushahidi ule umetoka wapi. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Akinyamaza, kesho Kimisagara nzima itasema kwamba bibi ni mwuaji na mjukuu ni mwuaji, na watasema wameona kwa macho yao.

Shafiq alifumbua macho. "Kichwa," alinong'ona. "Kiu."

"Umekula nini asubuhi, kijana wangu?" Mwalimu alimwuliza.

"Sijakula. Nilichelewa kuamka. Na chupa ya maji nimeisahau mezani."

"Tangu uamke umekunywa nini?"

"Ule umutobe tu. Kikombe kimoja."

Mwalimu Mutabazi alivuta pumzi ndefu. "Basi hicho kikombe ndicho kilichokupa nguvu ya kufika huku. Tumbo tupu, hakuna maji, na jua hili, na mbio kama za swala. Mtu yeyote angeanguka." Aliinua kichwa. "Nani ana maji? Nani ana kitu chenye sukari?"

Chupa zilitolewa. Nyingi zilikuwa zimekwisha. Katika chache yalibaki mafunda mawili matatu, nayo Mwalimu akampa Shafiq kidogo kidogo. Kitu chenye sukari hakikuwapo. Kulikuwa na chapati, mahindi na karanga, na Shafiq alipoonyeshwa chapati aligeuza uso.

"Ule umutobe ndio ungemfaa sasa," Mwalimu alisema, kama anayejisemea mwenyewe.

Kaze alisikia maneno hayo, akasogea mbele.

"Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi. "Ni mimi niliyeumwaga! Wala si Nyiransabimana. Nyie mlipokuwa mnatazama mto, mimi niliupeleka nyuma ya mti nikaumwaga wote. Nilidhani una sumu. Nenda kaangalie, Valens, pale pana nyuki." Alianza kulia. "Na habari ya sumu niliisema mimi. Nilianza mimi kule chini."

Valens alikwenda kweli nyuma ya mti, akarudi polepole.

"Kwa nini ulidhani hivyo?" Mwalimu aliuliza.

"Aling'oa nyasi. Na alikuwa akifungua kidumu kwa siri. Kilikuwa kinalia, hata Valens alisema amesikia."

Nyiransabimana alipangusa macho kwa mkono wa gauni lake. "Umutobe ukichomwa na jua unaanza kuchacha," alisema. "Ukiacha kifuniko kimebana, kidumu kitapasuka. Ni lazima kulegeza. Na nyasi ni za bibi. Ndizi zinakamuliwa kwa nyasi, na huku mjini nyasi nzuri haziko." Akameza mate. "Ungeniuliza, Kaze. Tunakaa dawati moja. Ungeniuliza tu."

Aibu aliyoisikia Kaze ilikuwa kubwa kuliko hofu yote ya asubuhi.

Nyiransabimana aliinama, akapekua ndani kabisa ya mkoba wake, akatoa chupa ndogo iliyofungwa kwa kipande cha kitenge. "Iko huu," alisema kwa Mwalimu. "Bibi alisema nikupe wewe tukifika juu." Akamimina kwenye kikombe cha bati, na kama alivyozoea, akakiinua kuonja.

Kaze alimshika mkono. "Ngoja. Nipe mimi nionje."

Alikichukua kikombe mbele ya wote. Alipiga funda kubwa, kubwa kuliko la kuonja. Ulikuwa mtamu, na ulikuwa na uchachu kidogo mwishoni. Ndipo akapiga magoti akauweka ukingo wa kikombe kwenye midomo ya Shafiq.

Shafiq alikunywa taratibu, akapumzika, akanywa tena. Baada ya muda rangi ilianza kumrudia usoni. Mwalimu alikuwa amempigia simu mlinzi wa msitu, naye akaja na maji akiendesha baiskeli. Kijana alipoweza kukaa na kula nusu ya chapati, jambo la kwanza alilolisema lilikuwa, "Kaze, mpira wangu uko wapi? Bado sijafa." Watu walicheka, wengine huku wakilia bado.

Mwalimu Mutabazi hakucheka. Aliwakalisha wote chini.

"Leo mmemwona mwenzenu anataka kuzimia, na dawa yake mmeimwaga chini," alisema. "Kaze aliimwaga kwa mikono. Ninyi wengine mliimwaga mlipokataa kikombe na mlipopokea maneno bila kuuliza yametoka wapi. Valens, ulisema umesikia kidumu kikilia. Ulikisikia?"

"Hapana, Mwalimu," Valens alisema chini chini.

"Kujihadhari si kosa. Ukitilia shaka kitu, uliza, au niite mimi. Kaze amekosa, lakini amesimama akasema ukweli wakati kunyamaza kulikuwa rahisi. Hilo nalo mlikumbuke. Sasa kila mmoja wenu anajua anachodaiwa kwa Nyiransabimana."

Walimwendea mmoja mmoja. Aliwaitikia, lakini hakutabasamu haraka. Kaze alipofika alisema, "Nisamehe," na Nyiransabimana akajibu, "Bado nina uchungu." Kaze akasema, "Sawa," kwa sababu aliona ni haki yake. Wakati wa kushuka, Kaze aliliomba gunia la takataka bila kulazimishwa, akalibeba hadi chini. Nusu ya njia alihisi gunia limekuwa jepesi. Alipogeuka, alimwona Nyiransabimana ameshika ncha ya pili. Waliendelea hivyo mpaka Kimisagara. Katika kituo cha afya muuguzi alimpima Shafiq na kusema maneno yale yale ya Mwalimu: jua, njaa na kukosa maji. Akamwonya asipande tena mlima bila kunywa chai.

"Mwalimu," Kaze alimwita kabla ya kuagana, "utamwambia mama yangu?"

"Nitakuachia umwambie mwenyewe," alijibu.

Mama Kaze alikuwa cherehanini akimalizia sare za shule. Kaze alisimama mlangoni na kumweleza yote bila kujipunguzia kosa. Mama alianza kwa ukali. "Umemwaga kitu cha mtu? Nani alikufundisha tabia hiyo?"

"Wewe uliniambia wanatilia watu sumu, Mama."

Cherehani ikasimama.

"Nani alikuambia wewe?" Kaze aliuliza. Hakuuliza kwa ujeuri. Alitaka kujua kweli.

"Nilisikia saluni. Kwa yule msusi."

"Na msusi alisikia wapi?"

Mama alitazama sare iliyokuwa mkononi mwake. "Sijui," alisema mwishowe. "Sikumwuliza." Akainuka, akajifunga kitenge safi, akachukua kandambili zake. "Twende."

Nyumba ya akina Nyiransabimana ilikuwa mwisho wa kichochoro. Mama alipiga hodi, na sauti ya bibi ikauliza kutoka ndani, "Nani huyo? Ni mtu wa umeme?"

"Ni jirani, Bibi."

"Jirani?" sauti ilirudia, kama aliyesikia neno geni. "Subiri, mwanangu. Subiri nitafute kiti."

Bibi alitoka akipapasa ukuta, maana macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Aliwaeleza kwamba walihama Kabuga ili awe karibu na hospitali anakotibiwa macho, hiyo tu. Yale majani ya juu ya bati alikuwa akiyachemsha na kujifukiza kwa ajili ya kikohozi. Hakuna mtu aliyekufa nyumbani kwake. Mama Kaze hakukaa kwenye kile kiti. Alisimama mbele ya bibi na kusema wazi, "Bibi, nimekusema vibaya kwa jambo nisilolijua, na mtoto wangu amemwumiza mjukuu wako kwa sababu yangu. Nimekuja kuomba radhi." Bibi alinyoosha mkono hewani mpaka ukaufikia mkono wa Mama, akaushika, akaanza kulia.

Walirudi nyumbani taa za vilima vingine zikianza kuwaka. Mama alitembea polepole.

"Kaze," alisema, "leo nilikupa maneno yasiyokuwa na mwenyewe, ukayabeba mpaka juu ya mlima, na kidogo mtu apotee kwa sababu ya maneno hayo. Kesho nitakwenda saluni niyarudishe yalikotoka. Na wewe, kuanzia sasa, mtu akikuambia jambo baya la mwenzako, mwulize ameliona wapi, kabla hujaliamini na kabla hujalisema."

"Hata kama ni wewe uliyeniambia, Mama?"

"Hasa kama ni mimi," alisema Mama.